Je, Habari za Wazee Wetu Huponya?



Atokaye Tanga mjini kwa njia ya Pangani, akiisha kwenda kilomita 17 hivi, hufika Tongoni. Jina lenyewe ni habari. Tongo, kwa Kiswahili cha wazee, ni mahali palipokaa watu zamani kisha pakahamwa, yaani mahame. Basi wenzetu wakaao Tongoni leo, wakivua samaki na kuangua nazi zao, wanakaa mahali panapoitwa kwa ajili ya watu waliokwisha ondoka. Hapo pana magofu ya msikiti wa mawe na makaburi yapatayo 40, ya karne ya 14 na ya 15. Mengine yalijengewa nguzo ndefu, na nyingi katika nguzo hizo zimekwisha anguka. Mwaka 1498 Wareno walipita pwani hii, na merikebu moja ya Vasco da Gama, iliyoitwa São Rafael, ikakwama penye mafungu karibu na Mtangata, ndilo jina la kale la upande huu. Mwaka uliofuata, walipokuwa wakirudi kutoka Bara Hindi, waliichoma moto papo hapo, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuiendesha. Mwaka 1857 akaja msafiri Mwingereza, Richard Burton, akaona kaburini kigae chenye maandishi ya Kiajemi.

Haya yote yameandikwa vitabuni. Lakini mtu akisimama penye makaburi yale na kuuliza, "Aliyelala hapa ni nani? Aliwapenda akina nani, na aliwakosea akina nani?" mawe hayamjibu. Tena liko swali la pili ambalo watu wachache huliuliza: ni nani aliyevunja matumbawe, akachoma chokaa, akabeba maji ya kuikorogea, mpaka nguzo zile zikasimama? Hao hawana kaburi tunalolijua. Na katika ukoo wowote mambo huwa vivyo hivyo: wako waliojengewa nguzo, na wako waliozijenga.

Tumeanza na Tongoni kwa sababu ya swali tunalotaka tulifikiri pamoja. Siku hizi twasikia mara nyingi, katika semina, katika vikundi vya akina mama, na kwa washauri wa watu waliofiwa au waliopatwa na mabaya, kwamba mtu akitaka kupona moyo na kujijua yeye ni nani, na asimulie habari zake mwenyewe, kisha atafute habari za wazee wake. Wengine wanalisifu neno hili. Wengine wanalitilia shaka, wakisema kwamba kufukua mambo ya kale ni kutonesha kidonda kilichokwisha kufunga. Je, upande gani una haki? Na kama habari za wazee huponya, ni habari za namna gani: zote, au zile tu za sifa?

Sisi twaona hivi. Habari za wazee huponya kweli. Lakini haziponyi kwa sababu ni tamu, wala kwa sababu ni za kale. Huponya zinapokubali kumtaja na yule ambaye ukoo haupendi kumtaja, na zinaposimuliwa kwa hiari ya mwenyewe kwa mtu aliye tayari kusikia. Zikikosa hayo, huwa pambo tu, na pengine huwa silaha. Tutajaribu kueleza kwa nini twafikiri hivyo.

Kwanza tuangalie faida, maana ipo. Mtoto hurithi mengi kwa wazazi wake hata kabla hajaambiwa neno. Mama akinyamaza ghafla kila litajwapo jina la kijiji fulani, watoto hujifunza kuliogopa jina hilo, wala hawajui kwa nini. Baba akikataa kumsalimu jamaa fulani msibani, watoto hurithi ugomvi bila kurithi sababu yake. Mtu wa namna hii hubeba mzigo uliofungwa na mwingine, naye hajui ndani mna nini. Siku akiambiwa, mzigo hauondoki, lakini aweza kuufungua, akatoa kisichokuwa chake.

Jirani zetu wa Uganda walilijua jambo hili wakati wa shida kubwa. Mwaka 1992 wanawake wenye virusi vya UKIMWI walianzisha chama chao, kiitwacho NACWOLA. Baadaye, katika miaka ile ile ya tisini, walianza kusaidiana kuandika vitabu vya kumbukumbu. Mama aliyejua kwamba pengine hatawaona watoto wake wakikua, aliandika katika kitabu: sisi ni ukoo gani, babu yako alitoka wapi, siku uliyozaliwa mambo yalikuwaje, ulipenda chakula gani, mimi nilikuwa mtu wa namna gani. Wakati ule dawa za kurefusha maisha zilikuwa hazijawafikia watu wengi, na vitabu vile viliandikwa na watu waliokuwa wakiitazama kaburi. Hata hivyo walioshughulika na kazi hiyo waliona jambo moja la ajabu. Faida haikungoja mpaka mama afe. Ili aandike, ilimpasa amwambie mtoto habari ya ugonjwa wake angali hai. Na mtoto, ambaye tangu zamani alikuwa amekwisha kuhisi kwamba liko jambo, akapata nafasi ya kuuliza. Woga uliokuwa umekaa kati yao ukapungua. Basi hapo aliyeponya ni nani? Kitabu ni karatasi tu. Kilichoponya ni ile kweli iliyosemwa na mmoja na kusikiwa na mwenziwe, huku wameketi pamoja.

Sasa twende kwenye jambo gumu zaidi. Sisi watu wa pwani na wa nchi ya nyuma ya pwani hatuna upungufu wa habari za wazee. Mgeni akifika huulizwa kwanza, "Wewe mtu wa wapi? Wa nani?" Na nyingi katika habari tulizorithi zina namna moja. Katika miji mingi ya kale, tangu visiwa vya Lamu hata Kilwa, husimuliwa kwamba wazee walikuja kwa jahazi kutoka Shirazi, nchi ya Waajemi. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana. Wengine waliamini, wengine, hasa wachimbaji wa magofu, walisema kwamba miji hii ilijengwa na Waafrika wa hapa hapa, na kwamba habari ya Shirazi ni ya kujipatia heshima.

Mwaka 2023 lilitolewa jibu moja katika jarida la sayansi liitwalo Nature. Wataalamu walipima mabaki ya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, pamoja na mahali pamoja pa bara, wakatafuta asili yao katika damu, kwa njia ya kuchunguza vitu vidogo sana ambavyo mtoto hurithi kwa baba na kwa mama. Waliona kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi watu wa Asia, na wengi wao Waajemi wanaume, walianza kuchanganyika na watu wa pwani, na ya kwamba upande wa mama karibu wote walikuwa Waafrika. Wengi wa wale waliopimwa walikuwa na nusu au zaidi ya asili yao kwa hao mama.

Tuyafikiri maneno haya taratibu. Wazee hawakusema uongo. Waajemi walikuja kweli, kama walivyosimulia. Lakini habari yao ilikuwa nusu. Iliwataja baba waliokuja kwa jahazi, ikawanyamazia mama waliokuwako pwani wakiwapokea, waliozaa, waliolea, na waliowafundisha watoto lugha ambayo hata leo tunaisema na kuiandika katika ukurasa huu. Kwa miaka mingi mtu wa pwani aliyejivunia nusu ya asili yake aliionea haya nusu ya pili, naye hakujua kwamba anamwonea haya mama yake. Je, habari ya namna hii yaweza kuponya? Yaweza kumpa mtu kichwa kirefu, lakini ndani humwachia hofu ya siku zote, asije mtu akauliza juu ya bibi yake. Hakuna kupona mahali penye hofu ya kuulizwa.

Labda msomaji atasema, "Basi tukiingiza aibu katika habari, tutapona." Twajibu kwamba hilo peke yake halitoshi, na ushahidi wake uko milimani, mahali ambapo watu wa Tanga twapaona kila siku kukiwa hakuna mawingu. Katika kitabu cha Habari za Wakilindi, alichokitunga Abdallah bin Hemedi na ambacho kilipigwa chapa mara ya kwanza na misheni ya Magila kwa sehemu, kuanzia mwaka 1895, imeandikwa habari ya Mbegha, mwanzilishi wa ufalme wa Usambaa. Mbegha alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Kwa desturi ya makabila ya upande huu, Wazigua, Wabondei, Wasambaa na wengineo, mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi utakaoua jamaa zake, na wengi waliuawa wangali wachanga. Mbegha aliachwa hai, lakini wazazi wake walipokufa ndugu walimkatalia urithi na kumlaumu kwa kila msiba. Akaondoka Nguu pamoja na mbwa wake wa kuwindia, akawa mtu wa porini, mwinda nguruwe. Mwisho akafika Usambaa, akawagawia watu nyama, akaamua magomvi yao, akaua simba, na watu wakamfanya mfalme wao huko Vugha.

Hakuna habari nzuri kuliko hii kwa mtoto aliyekataliwa. Inasema kwamba yule mliyemwita mkosi ndiye aliyewaleteeni haki na shibe. Ilisimuliwa kwa heshima kwa vizazi vingi, ikiwa habari ya asili ya wafalme. Hata hivyo katika muda huo wote, chini ya wafalme wale wale waliojisifu kwa Mbegha, vigego waliendelea kuuawa. Watu walimsifu kigego mmoja aliyekwisha kufa, na hawakumwona kigego aliyezaliwa jana katika nyumba ya jirani. Habari ilikuwa dawa iliyofungiwa sandukuni. Twajifunza hapa kwamba habari za wazee haziponyi mpaka mtu azilete nyumbani mwake na kuuliza, "Kigego wetu sisi ni nani? Katika ukoo huu, leo, ni nani tunayemwita mkosi?" Pengine ni binti aliyezaa kabla ya kuolewa. Pengine ni kijana mwenye kifafa. Pengine ni mjomba aliyefungwa jela, na tangu arudi haalikwi arusini.

Liko jambo jingine, nalo latugusa sisi kuliko wengi, kwa kuwa kanisa letu katika nchi hii lilianza kwa watu walioporwa habari zao. Mwaka 1864, Askofu Tozer alipofika Unguja, Sultani Majid alimpa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Wengine wengi waliwafuata katika shule ya Kiungani. Mtoto aliyetekwa alinyang'anywa wazazi na uhuru, na pamoja na hayo jina lake. Aliuzwa mara mbili au tatu njiani, na kila mwenye kumnunua aliweza kumpa jina jipya. Mtu asiye na jina la kwao, wala mtu wa kumwambia, "Mimi nalikufahamu ungali mdogo," amebaki na nini?

Mwaka 1887 ulitolewa huko London mkusanyo wa habari walizoziandika wavulana wa Kiungani wenyewe. Waliziandika kwa Kiswahili, na mwalimu wao A. C. Madan, yule mtunga kamusi, akazifasiri kwa Kiingereza. Wanaeleza walivyoishi kwao, desturi za nchi zao, na jinsi walivyotekwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1934, James Juma Mbotela wa Freretown, Mombasa, alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa, akieleza habari za watu walioletwa katika makao hayo yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa. Yeye alikuwa mtoto wa mmoja wa watu hao. Wasomaji wengi wenye umri wanakikumbuka kitabu hicho tangu shuleni.

Wako wanaosema kwamba habari hizo hazikuwa huru kamwe. Wale wavulana waliandika katika shule ya wenyeji wao, kwa ombi la mwalimu wao, na wenye kusoma walikuwa Waingereza waliotoa fedha za misheni. Na kitabu cha Mbotela kimelaumiwa kwamba kinawasifu mno Waingereza na kuwalaumu mno Waarabu. Lawama hiyo ina haki ndani yake. Mtu asimuliapo akiwa amekalia kiti cha mwenyeji wake, huchagua maneno yatakayompendeza mwenyeji. Hata leo, katika semina zetu, mfadhili akitaka kusikia habari za kuhuzunisha, watu humpa za kuhuzunisha, kisha hurudi nyumbani na moyo uliochoka.

Lakini tusiitupe faida kwa sababu ya kasoro. Mvulana yule wa Kiungani, alipoandika kwa mkono wake jinsi nyumba ya wazazi wake ilivyokuwa, alikuwa anasema jambo ambalo bwana wa watumwa hakutaka lisemwe kamwe: ya kwamba yeye hakuanzia sokoni. Alikuwa na kwao. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni akasoma Kiungani, tangu mwaka 1886 alifanya kazi Chitangali kati ya Wayao, watu wa kabila lake, na mwaka 1890 akapewa upadre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile. Alirudi akiwa mtu mwingine, lakini alirudi. Wengi hawakurudi kamwe, na kwao karatasi ile ndiyo iliyokuwa safari ya kurudi.

Hapa ndipo twafikia swali lililo zito kuliko yote. Utumwa ulifutwa kwa sheria Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Hizo si siku za Nuhu. Watoto wa watu waliozaliwa katika hali ya utumwa wamekaa nasi mpaka juzi, na wajukuu wao wako kati yetu. Wengi wa wazee hao walinyamaza. Walichukua jina la ukoo wa mabwana wao, au walijiita Waswahili tu, au walihamia mji mwingine ambako hakuna aliyewajua. Watoto wao wakaoa na kuolewa, wakawa wavuvi, makarani na walimu, na neno "mzalia" halikutajwa tena katika nyumba zao. Je, mjukuu anayefukua leo jambo lililofunikwa na babu yake kwa taabu kubwa hivyo, anamheshimu au anamvunjia heshima?

Sisi hatukubaliani na wale wanaosema kwamba kila kimya ni ugonjwa. Kimya cha wazee wale kilikuwa mwavuli. Chini yake watoto walikua bila kuitwa majina mabaya. Tena kilikuwa namna ya kudai haki: aliyeambiwa si mwungwana, akaishi kama mwungwana, akazikwa kama mwungwana, hakudanganya mtu, aliikataa hukumu ya uongo. Asiyeona ushujaa hapo ana haraka ya kuhukumu.

Lakini mwavuli ni wa mvua. Mvua ikiisha, anayeendelea kuufungua ndani ya nyumba huwazuia wenziwe kupita. Leo tukisikia posa ikikataliwa kwa minong'ono ya ukoo, au tukimsikia mtu akimwambia mwenziwe katika ugomvi, "Nyinyi asili yenu twaijua," twatambua kwamba aibu haikufa kwa kunyamaziwa. Ilikaa upande wa waliodhulumiwa, badala ya kukaa upande wa waliodhulumu. Hilo ndilo jambo ambalo habari ya kweli yaweza kuligeuza. Mjukuu anayesema kwa sauti yake, "Bibi yangu aliuzwa Pangani, naye akalea watoto saba," ameihamisha aibu na kuirudisha kwa mwenyewe. Hakumdhalilisha bibi, amewaumbua waliomuuza.

Twaweka mpaka mmoja tu, nao ni mgumu: kila mtu na asimulie iliyo yake. Mwenye haki ya kuufunga mwavuli ni yule aliye chini yake. Jirani anayekwenda kuutangaza ukoo wa mwenziwe, hata akisema anatafuta kweli, anafanya kazi ya msengenyaji. Na mzee akisema, "Mjukuu wangu, hilo sitaki kulisema," mjukuu na amshukuru, asimsumbue.

Tena asimuliaye anahitaji asikiaye, na asikiaye ana deni. Afrika ya Kusini, tangu mwaka 1996, Askofu Mkuu Desmond Tutu wa kanisa letu aliongoza Tume ya Ukweli na Maridhiano. Watu zaidi ya 21,000 walitoa habari za mateso waliyoyapata wao au jamaa zao. Wengine walisema kwamba siku ya kusikilizwa ilikuwa siku ya kuutua mzigo. Wengine walirudi nyumbani na uchungu mpya, kwa kuwa walisikilizwa, watu wakalia, kisha maisha yakabaki yale yale. Malipo ya serikali, yaliyotangazwa mwaka 2003, yalikuwa randi 30,000 kwa kila mtu aliyetambuliwa na Tume, pungufu sana ya ile iliyopendekezwa. Habari iliyosikiwa bila kufuatwa na tendo yaweza kuumiza mara ya pili. Basi tukimwomba mtu atuambie yaliyompata, tujiulize kwanza tutafanya nini tukiisha kujua.

Wasomaji wetu wanaijua orodha ya vizazi ambayo Mathayo anaanzia Injili yake. Wengi huiruka wakisoma, kwa kuwa ni majina tu. Lakini kati ya majina ya wafalme na wazee wa heshima ametaja wanawake wanne wa zamani: Tamari, Rahabu, Ruthu, na mke wa Uria. Wawili wana habari ambazo ukoo wowote ungependa kuzifunika. Mmoja ni mgeni wa kabila lililochukiwa. Wa nne anatajwa kwa jina la mume aliyeuawa ili achukuliwe yeye. Mathayo angeweza kuwaacha, wala hakuna ambaye angemwuliza. Aliwaandika. Asili tukufu kupita zote haikusafishwa kabla ya kuandikwa.

Basi tufanye nini? Hatuhitaji mtaalamu wala fedha. Daftari la shule na kalamu vyatosha, na saa moja jioni, wazee wakiisha kula. Tuulize wangali hai. Tusiulize upande wa baba tu. Tuulize bibi mzaa mama alizaliwa wapi, na bibi yake aliitwaje, maana huko ndiko habari zetu zilikokatika. Tusimsahihishe mzee katikati ya maneno yake, hata akikosea mwaka. Tumwulize pia habari za yule ambaye picha yake haiko ukutani. Akinyamaza, nasi tunyamaze. Na tukiisha kuandika, tumtafute yule kigego wa ukoo wetu aliye hai, tumpelekee mwaliko.

Kule Tongoni nguzo zinaendelea kuanguka, na majina ya waliojengewa yamepotea pamoja na majina ya waliojenga. Mawe yamewasawazisha wote kwa kuwasahau. Sisi tungali na nafasi ya kuwasawazisha wazee wetu kwa njia iliyo bora, yaani kwa kuwakumbuka wote. Mwezi wa Novemba, tuletapo kanisani orodha ya majina ya marehemu wetu ili yasomwe, kila nyumba na iongeze jina moja ambalo halijasomwa kamwe.